Dakika ya Arobaini na Moja

Wizara ilinitumia filamu kwa kiungo na neno la siri:
ni kwa ajili ya shule, niiandikie manukuu ya Kiswahili.
Herufi arobaini na mbili kwa mstari, si zaidi.
Sekunde sita, kisha maneno yafutike.

Nimekaa Kengeleni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
feni inazunguka kwa kulalamika,
na kwenye skrini bwana mmoja wa kofia pana
anashuka gatini Mombasa, mwaka wa hamsini na tatu,
anafumba jicho moja, anaitazama bara.
Nikamwandikia: Nchi hii ni tupu. Inangoja.
Herufi ishirini na saba, ukihesabu nukta na nafasi.
Uongo haujawahi kukosa pa kukaa.

Nyuma yake wanapita wachukuzi kumi na wawili,
masanduku kichwani, magoti yakitetemeka.
Wa saba ni babu yangu, Enoka Songoro.

Tulijua tu kwamba aliwahi "kucheza picha".
Shilingi tatu kwa siku na mkate wa mofa.
Walimvua shati lake la kanisani,
wakampa shuka, wakamwambia awe mwenyeji.
Yeye, ambaye babu yake alishushwa Kisauni na manowari,
mtoto asiyejua jina la mto wa kwao,
akaandikwa jina la Biblia na namba.
Akawauliza: mwenyeji wa wapi?
Wakadhani anafanya mzaha.

Picha ilipofika sinema alikwenda na bibi,
wakakaa mbele, viti vya mbao, shingo juu,
na walipotokea wachukuzi ukumbi mzima ukapiga makofi.
Kwa nani, hakuwahi kusema.
Alisema tu kwamba watoto wa mabwana
walioteremka kutoka milimani kuja kuogelea Nyali
walianza kumwangalia kama mtu waliyekwisha kumwona.
Waliijua nchi gizani,
wakatoka nje kwenye jua wakaitafuta ileile.

Na sisi je? Kitabu changu cha darasa la tano,
bendera imeshapanda zamani, kilijaa mashujaa wa bara,
na pwani ukurasa mmoja:
mnazi, msikiti, mtu amelala mkekani.
Nilimpaka rangi yule mtu.
Nikamchorea na mkoromo, mawingu madogo matatu.
Mwalimu akanipa tisa juu ya kumi.

Dakika ya arobaini na moja. Manukuu ya zamani yanasema:
kelele za wenyeji.
Nikavaa visikizi. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Kumbe ni mtu wa nane anamwambia wa saba:
Enoka, inama kidogo, waone ni zito.
Na sauti ileile iliyokuwa ikinihimiza nimalize uji:
Zito la nini? Sanduku halina kitu.

Nilicheka mpaka fundi wa vioo akagonga dari kwa ufagio.
Kisha kicheko kikakauka.
Nchi iliyojaa watu, tupu.
Sanduku tupu, lipinde watu magoti.

Nikamwandikia afisa. Akanijibu kwa adabu:
dada yangu, acha hivyo hivyo kelele,
wanafunzi watachanganyikiwa,
lengo la kipindi ni utambulisho wa taifa.

Utambulisho. Herufi kumi na moja.

Nimeandika walichosema. La mtu wa nane kwanza, kisha la babu.
Yote yameenea ndani ya sekunde sita.
Bado sijaituma.

Kuna na jambo jingine, nalo halihitaji manukuu:
bwana akishapita, kamera inachelewa kidogo kukata,
na kushoto, pembeni, karibu na rundo la kamba,
babu anashusha lile sanduku
kwa vidole vitatu, kama mtu anayevua kofia.
Fremu kumi na tisa. Hazifiki sekunde.
Nimezihesabu mara mbili.